Safu ya Majina Iliyohama Peke Yake

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na sita. Hapana, tusiseme uongo bure: ulikuwa wa saba. Mwaka wa sita hospitali ile ilikuwa bado haijapakwa rangi, na siku inayosimuliwa hapa Penseli alitoka nyumbani na shati jeupe, akarudi nalo lina doa la samawati begani kwa kuegemea ukuta usiokauka. Mkewe alilipigania doa lile kwa sabuni, kwa ndimu na kwa matusi, likakataa kutoka. Basi ni mwaka wa saba, na mwenye kubisha akaliulize shati.

Penseli si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa kazini, kwa kuwa penseli ilikaa nyuma ya sikio lake la kulia mwaka mzima, mvua na jua. Hata siku ya kumwoza binti yake ilikuwa pale pale. Picha zipo: bwana harusi anatabasamu, bibi harusi anainamisha macho, baba mtu ana penseli sikioni kama seremala aliyekuja kupima mlango.

Shule yake iliishia darasa la saba. Akaingia hospitali kama mpeleka barua, na kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa safi na hakuwa na haraka, akahamishiwa benki ya damu kuwa karani. Benki yenyewe ni chumba kimoja chenye dirisha, jokofu, meza mbili na kitanda cha kulalia wanaotoa damu. Kazi ya Penseli ilikuwa kujua nani ana damu ya kundi gani, anapatikana wapi, na mara ya mwisho alitoa lini. Damu haikai kama mchele. Ukiitia kwenye jokofu, baada ya mwezi na siku chache ni ya kumwaga. Kwa hiyo jokofu kubwa kuliko yote ni watu wenyewe, wanaotembea nayo mitaani bila kudai umeme, na kazi yako ni kujua tu mlango wa kugonga.

Miaka ya kwanza aliifanya kazi hiyo kwa karatasi. Alikuwa akinunua karatasi pana za miraba, anaziunganisha mbili mbili kwa gundi mpaka inatokea moja ya upana wa shuka la kitanda. Anapiga mistari kwa rula: safu ya jina, safu ya mtaa, safu ya kundi la damu, safu ya siku aliyotoa, safu ya siku atakayoweza kutoa tena. Mtu akitoa damu, Penseli anafuta tarehe mbili, anahesabu miezi minne kwa vidole, anaandika upya. Ikifika Ijumaa meza imejaa uchafu wa kifutio kama unga. Palikuwa na fundi baiskeli mmoja, mtu wa mzaha na moyo mkubwa, aliyekuwa akija kila miezi minne bila kukosa. Kisanduku chake kilifutwa mara nyingi hata karatasi ikatoboka, ukichungulia unaona meza. Fundi alipoonyeshwa tundu lake alifurahi kama mtu aliyepewa nishani.

Halafu ikaja mashine.

Ile ya kwanza ilikuwa na kioo cheusi na maandishi ya kijani, na ilinguruma kuliko jokofu. Mtaalamu wa maabara, kijana mrefu mpole waliyemwita Darubini, ndiye aliyemfundisha. Akamwonyesha jedwali: juu herufi, pembeni namba, katikati visanduku vitupu visivyo na mwisho.

"Mzee Penseli, hii ni shuka lako lile lile," alisema. "Tofauti yake, hii hujifuta yenyewe."

Penseli hakuamini mpaka alipoona kwa macho yake. Darubini aliandika tarehe katika kisanduku kimoja, na kisanduku cha jirani, ambacho hakuna aliyekigusa, kikaandika chenyewe tarehe ya miezi minne mbele. Akaibadilisha ile ya kwanza, na ya pili nayo ikabadilika. Penseli akaitazama penseli yake, akairudisha sikioni taratibu kama anayeiomba radhi.

Mashine zilizofuata zilikuwa na rangi na kipanya. Siku moja aliulizia jedwali lile linaishia wapi, na Darubini naye hakujua. Basi Penseli akaweka stepla juu ya kitufe cha mshale wa chini, akaenda kula. Aliporudi, mashine ilikuwa imesimama mstari wa elfu sitini na tano mia tano thelathini na sita, na chini yake hakuna kitu. Ndiyo mwisho wa dunia, akasema moyoni. Kizunguzungu kikamshika, akarudi juu upesi kwa watu wake, ambao hata elfu moja hawakufika.

Alichokipenda zaidi ni rangi. Darubini alimwekea fomula: mtu ambaye miezi yake minne haijatimia, mstari wake ni mwekundu, ikitimia, unageuka kijani. Kila asubuhi Penseli alifungua jedwali akakuta watu wawili watatu wameiva bila mtu kuwagusa, kama ndizi zilizofunikwa kwenye gunia.

Isidhaniwe kwamba mashine ilikuwa malaika. Mwanzoni ilikuwa ikila sifuri. Ukiandika namba ya simu inayoanza na sifuri, ukigeuka tu, sifuri haipo. Kwa mashine, sifuri iliyotangulia ni kama mtu anayesimama mlangoni bila kuingia, kwa nini ahesabiwe? Mpaka Penseli akafundishwa kuweka alama ndogo mbele yake, kama kipande cha ukucha, ndipo sifuri zikakaa. Tena kuna mara aliandika tarehe tatu ya mwezi wa nne, mashine ikasoma tarehe nne ya mwezi wa tatu. Mama mmoja akaitwa kabla ya wakati, akaja na mwavuli wake kwenye mvua, akarudishwa. Mama yule alisema maneno ambayo hayaandikiki.

"Mzee," Darubini alimwambia siku hiyo, "hii kitu ni tiifu, lakini haina akili. Ukiiamuru ijitose kisimani haikuulizi kwa nini. Itauliza kisima kipi."

Penseli alicheka. Angejua, asingecheka sana.

Sasa kuna mtu mwingine wa kumjua: Mama Deki. Huyu ndiye aliyekuwa akisafisha ghorofa ile ya chini, mwanamke mnene mwepesi, ndoo mkono mmoja na ufagio wa deki mkono wa pili. Utani wake na Penseli ulikuwa wa kila siku.

"Mume wa mashine, inua miguu nipige deki."

"Pita pembeni, shangazi, hapa pana kazi za watu wenye akili."

"Akili gani, na kutwa unatazama visanduku kama mtu anayetafuta kuku wake!"

Mwaka huo Mama Deki alikuwa na jambo moja tu moyoni. Binti yake wa pekee alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na kliniki walikuwa wamesema mtoto amekaa vibaya, huenda pakahitajika upasuaji. Tena wakapima damu yake wakakuta ni O hasi, kundi ambalo ukikusanya watu mia unapata watatu, wanne ukibahatika. Mwenye damu hiyo anaweza kumsaidia kila mtu, lakini yeye husaidiwa na wa aina yake tu. Tangu siku ile Mama Deki akipiga deki chumba cha damu alikuwa akiuliza, kama mzaha lakini si mzaha, "Watu wangu wa O hasi hawajambo?"

"Wako tisa," Penseli alimjibu. "Saba wa kijani, wawili wekundu. Lala usingizi."

Naye alikuwa akilala, kwa sababu ya neno hilo.

Jumatano moja, saa kumi alasiri, Matroni alipita kwenye chumba cha damu. Alitaka orodha ya majina ya watoaji wote, yaliyopangwa kuanzia A, maana hospitali ilikuwa inaandaa vyeti vya shukrani. Majina tu, alisema, mengine sihitaji. Akasimama mlangoni akisubiri, funguo zikilia mkononi.

Penseli akaichagua safu ya majina kwa kipanya, ikageuka bluu yote kutoka juu hadi chini. Akabofya pale pa kupanga. Kikaruka kidirisha kidogo chenye swali kwa lugha ya kigeni, na majibu mawili. Jibu la kwanza lilikuwa na neno asilolijua. La pili lilianza na neno alilolijua tangu shuleni, lenye maana ya kuendelea. Matroni alikuwa anatikisa funguo zake. Mtu anayetaka kazi iende mbele atachagua lipi? Akaendelea.

Majina yakajipanga kama askari. Akayachapisha, Matroni akashukuru, akaenda zake. Penseli akahifadhi kazi, na kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu, akaitia pia kwenye ile diski ya akiba anayoifungia kabatini, juu ya ile ya jana. Akaifunga mashine. Akaenda nyumbani akala, akalala, bila kujua kwamba kwa uangalifu wake wote ameyahifadhi makosa mahali pawili.

Alhamisi, saa nne kasoro asubuhi, Darubini aliingia kwa hatua za kukimbia ambazo hospitalini watu hawazipigi.

"Binti wa Mama Deki ameletwa. Uchungu tangu alfajiri, mtoto hatoki, na anavuja damu. Daktari anampasua leo. Anataka mifuko mitatu ya O hasi kabla ya saa nane, na kwenye jokofu nina mmoja."

"Ninao watu," alisema Penseli. Akavuta simu ya mezani.

Akachuja jedwali libaki na kundi la O hasi peke yake, wakabaki wale wale tisa. Mama Deki alikuwa amesimama kwenye mlango, ufagio mkononi, bila ndoo.

Penseli akapiga namba ya kwanza.

"Haloo, habari za asubuhi. Nazungumza na bwana..." Akataja jina lililokuwa kwenye kioo.

Upande wa pili mwanamke akacheka. "Kaka, mimi nina watoto wanne, wa mwisho ana majuma sita namnyonyesha hapa, na sijawahi kuitwa bwana. Umekosea namba."

Ya pili akapokea mwanamume, sauti nzito, nyuma yake nyundo zinagonga.

"Naomba kuongea na bwana..." Akataja jina.

"Siye."

Simu ikakatwa.

Ya tatu Penseli akauliza kwa adabu kama anaweza kumpata bibi fulani. Hapo ndipo alipokiona cha moto.

"Unamtafuta mwanamke gani kwenye simu ya mume wangu?" ilisema sauti ya kike, kali kama wembe mpya. "Wewe nani? Na huyo bibi ni nani? Mtaje tena! Baba, njoo hapa, njoo uelezee mambo yako mwenyewe!"

"Dada, samahani, nadhani nime..."

"Udada huo kaupeleke huko huko!"

Akakata. Ya nne na ya tano hazipatikani. Ya sita mtu akasema jina hilo silijui mzee, na mimi niko safarini, kwaheri. Ya saba anaumwa homa, na tena jina si lake.

Darubini akasogea, akaweka mkono begani kwa mzee. "Orodha imechakaa, Mzee. Watu siku hizi wanabadilisha laini kama soksi. Si kosa lako."

Saa tano na nusu ilikuwa imepita. Zikabaki namba mbili, zote za mistari myekundu, watu waliotoa juzijuzi. Penseli akazipiga tu, kama mtu anayetikisa kibuyu ingawa anajua kimekauka. Moja haikupokelewa. Nyingine ikaita mara moja.

"Haloo, nazungumza na mama..." Akataja jina.

"Mama nani? Penseli, umeanza kunywa asubuhi?"

Sauti hiyo aliijua. Aliijua miaka ishirini.

"Ni mimi, fundi baiskeli! Niliyekutobolea karatasi! Umeniita mama, kwani nimejifungua lini? Na damu sina, ndugu yangu, majuma matatu tu yamepita, mmenikausha kama dagaa."

Macho ya Penseli yalikuwa kwenye kioo. Namba ya simu ni ya fundi. Kundi ni la fundi. Tarehe, majuma matatu nyuma, ni ya fundi. Jina tu ndilo la mtu mwingine, la mwanamke.

Akaondoa ule mchujo, watu wote wakarudi. Akapanda juu mpaka mstari wa kwanza. Orodha yake ilikuwa ya watu kwa jinsi walivyokuja, wa kwanza alikuwa muuguzi mstaafu ambaye jina lake lilianza na S. Sasa wa kwanza ni A. Wa pili A. Wa tatu A. Jana alipanga majina, na majina yakatii. Lakini simu, makundi na tarehe havikuambiwa kitu, vikabaki vimekaa palepale. Watu mia sita na kumi na wawili, kila mmoja amevaa jina la mwenzake, na mashine haikuona ajabu yoyote. Kwake vilikuwa visanduku tu. Nani alipata kuiambia kwamba mstari mmoja ni mtu mmoja?

Akakitafuta kile kimshale cha kurudi nyuma. Kilikuwa kimefifia, hakibofyeki. Mashine ikishafungwa, ulichofanya jana haikikumbuki. Diski ya akiba, mambo ni yale yale. Karatasi za zamani zilichomwa moto miezi miwili nyuma ili kupisha jokofu jipya, na aliyeshika kiberiti alikuwa yeye.

Hapo palikuwa na nafasi ya kunyamaza. Darubini ameshasema mwenyewe kwamba orodha imechakaa, kwamba watu wanabadilisha laini. Penseli angeinamisha kichwa tu, lingepita hivyo, na pensheni yake ilikuwa imebakiza miaka mitatu. Jasho lilimtoka mpaka penseli ikateleza sikioni, ikaanguka sakafuni, ikaviringika mpaka miguuni kwa Mama Deki. Yeye akainama, akaiokota, akamletea.

Ukweli wote ulimtokea mdomoni kwa sababu ya ile penseli.

"Shangazi," alisema, "orodha haijachakaa. Mimi nimeiharibu jana. Nimepanga majina peke yake, mengine nikayaacha. Kila namba iko na jina la mtu mwingine. Nawaita watu kwa majina yasiyo yao, ndiyo maana wananikatia."

Mama Deki alikitazama kioo cha mashine.

"Namba ni nzuri?" aliuliza.

"Nini?"

"Namba za simu. Na damu. Zimebaki pamoja?"

"Ndiyo. Hizo hazikuhama."

"Sasa jina la nini? Mwanangu atatiwa jina la mtu mshipani?" Akampa penseli yake. "Wewe na mimi tutagombana kesho. Leo piga simu."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na aliyeyafichua, mara nyingine huonyeshwa dawa na mtu mwenye ufagio. Penseli akaanza upya.

Akapiga ile ya pili, ya mwenye nyundo.

"Ndugu yangu, usikate. Napiga kutoka hospitali, benki ya damu. Sitaki jina lako. Nina mwanamke anajifungua, damu yake ni O hasi, na namba hii ni ya mtu mwenye damu hiyo. Ni wewe?"

Nyundo zikagonga mara tatu, nne.

"Mwenye simu hayupo," alisema yule mtu. "Lakini damu ni hiyo hiyo. Nakuja."

Kisha akapiga ile ya tatu, akiwa ameiweka simu mbali kidogo na sikio.

"Wewe tena!"

"Dada, mimi ni mzee wa hospitali, nina wajukuu. Mume wako aliwahi kutoa damu hapa. Hakuna bibi yeyote. Kosa ni langu, niliyachanganya majina ya watu kwenye mashine. Nakuapia, mume wako naitaka damu yake tu, mengine yote baki nayo."

"Damu?"

"Damu tu."

"Tutaona. Namleta mwenyewe."

Na kweli alimleta. Saa sita na robo waliingia, mwanamke mbele, mume nyuma akitembea kama anayepelekwa kituoni. Yule mama alikagua chumba, kitanda, jokofu, mpaka chini ya meza akachungulia. Alipoona sindano ndipo moyo wake ukatulia. Akaketi kando ya kitanda, akamshika mumewe mkono, akamfuta jasho kwa ncha ya khanga. "Pole, baba," alisema. "Nilijua tu ni mambo ya heri." Mume akatazama dari bila kusema neno, mtu mwenye busara.

Mwenye nyundo alifika dakika kumi baadaye. Mrefu, kofia imekaa mpaka kwenye nyusi, viatu vyeupe kwa vumbi la saruji. Darubini akapima: O hasi, safi, haina shida. Alipotaka kuandika jina kwenye mfuko akasita, akaangalia kioo, pale palikuwa na jina ambalo kila mtu sasa anajua ni la uongo.

"Niandike nani?"

"Andika mstari," alisema Penseli, akiwa tayari amesimama. "Mstari wa mia tatu themanini na nane. Tutauliza baadaye." Akaibeba mifuko miwili kwenye kisanduku cha barafu, akakimbia nayo mwenyewe kwenda chumba cha upasuaji, mzee wa miaka hamsini na saba, huku Mama Deki akimfungulia milango.

Saa nane kamili ilipita. Saa nane na dakika kumi. Wakasimama nje kwenye ukumbi mrefu ambao mafundi rangi walikuwa wameumaliza asubuhi ile. Mlango ukafunguka, muuguzi akatoa kichwa, akasema, "Bibi yake yuko wapi? Mtoto wa kike. Na mama yake ameamka, anaomba maji."

Mama Deki alikaa chini, pale pale sakafuni aliyoipiga deki mwenyewe, akalia kwa sauti ya chini. Penseli akaegemea ukuta. Ulikuwa wa samawati, na mbichi, naye hakujali hata kidogo. Kwa muda mrefu hakuwa amepata ukuta mzuri kiasi hicho.

"Simama huko, mume wa mashine," Mama Deki alisema akijifuta machozi. "Umeharibu rangi ya watu."

Kesho yake hawakugombana. Alikuja na ndoo, akapiga deki, akafika mezani akasema inua miguu. Penseli akainua. Mjukuu alipewa jina zuri la ukoo, lakini bibi yake nyumbani akamwita Mstari, na mpaka leo, binti mkubwa sasa, ukimwita hivyo anageuka.

Penseli alikwenda kwa Matroni akaungama yote. Matroni alifunga macho, akafungua, akauliza ni muda gani wa kuyatengeneza. Ilichukua majuma saba. Alipiga simu moja moja: "Namba hii ni ya nani, ndugu? Tunarudishia watu majina yao." Wengine walicheka, wengine waliuliza kama kuna zawadi. Kwa wasiopokea alituma watu mitaani. Kila jina lililopata mwenyewe alilikata kwenye ile orodha ya Matroni kwa penseli. Tangu hapo pia, kila Ijumaa alikuwa akichapisha jedwali zima na kulifungia kabatini, na kidirisha chochote kikiruka na swali, alikuwa akimwita Darubini asome neno kwa neno.

Siku hizi mambo yamesogea. Wajukuu wake wanafungua jedwali kwenye simu, watu watatu wanaandika humo kwa pamoja kila mmoja kwake, na ukikosea unaweza kurudi mpaka ulivyokuwa juzi, mashine inakumbuka. Penseli alipoonyeshwa hilo alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyesikia kwamba lile daraja alipokaribia kuanguka sasa limewekewa kingo. Akauliza kama bado inakula sifuri. Wakamwambia bado.

Yale majina mia sita na kumi na wawili yalirudi kwao, ila lilibaki moja, na ulibaki mstari mmoja, wa mia tatu themanini na nane. Kwa hesabu, hilo jina ni la mstari huo, hakuna pengine pa kwenda. Penseli akaliandika, akalitazama. Lilikuwa jina la mwanamke. Na mbele yake, kwenye safu ya siku ya kutoa damu, tarehe ya Alhamisi ile: damu ya mwanamume mwenye kofia na vumbi la saruji, aliyeondoka kabla hajaulizwa jina. Kisanduku kimoja, watu wawili, na mashine haina mahali pa kumweka wa pili.

Aliipiga namba ile mwezi huo, na mwaka huo, na hata baada ya kustaafu. Iliita mara moja tu bila kupokelewa, nyingine zote haipatikani. Akajifunza kutuma ujumbe kwa ajili yake, kidole kimoja kimoja, akauandika kwa mwandiko wake ule ule usio na haraka: mwenye simu alikuwa wapi siku ile, na wewe uliyekuja badala yake, tukuandike nani?